Haiingii: Historia Fupi ya Kompyuta za Mtumba Kisumu

Mwezi wa tano mwaka 2021 nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saiba ya baba mdogo pale Kondele, nimeshika waya wa pawa saplai mpya, natafuta mahali pa kuuchomeka. Kichwa cha waya kilikuwa na pini 24. Tundu nililoliona kwenye bodi lilikuwa la pini nane. Nikadhani nimekosea mahali, manake kila bodi ina tundu jingine dogo la kulisha prosesa, na hilo huwa na pini nne au nane. Nikamulika kwa tochi ya simu. Lile dogo lilikuwepo mahali pake na waya wake uliingia sawa. Kubwa la pini 24 ndilo halikuwepo kabisa. Waliounda kompyuta ile hawakuliweka.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimechukua kazi ya video ya mazishi huko Seme, mazishi ya Jumamosi iliyokuwa inakuja, na malipo ya kwanza ya shilingi 8,000 yalikuwa yameshaingia kwenye simu yangu. Binti wa marehemu alikuwa Marekani, na kwa sababu ya korona hakuweza kusafiri. Alitaka kuona mama yake akizikwa. Hakutaka vipande vya dakika mbili mbili vya WhatsApp. Alitaka siku nzima, tangu jeneza linapotoka mochari. Nilimwahidi kwamba ndani ya wiki moja baada ya mazishi atakuwa nayo.

Kwa msomaji asiyeijua Kisumu, saiba hapa haiishi kwa intaneti. Inaishi kwa kuskani vyeti, kujaza ushuru wa watu, kuomba mikopo ya wanafunzi, na zaidi ya yote kwa matanga. Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa usiku printa hazipumziki: vijitabu vya ratiba ya mazishi, picha ya marehemu kwenye jalada, wasifu, majina ya wajukuu hadi wa mwisho. Baba mdogo alikuwa na kazi ya vijitabu. Mimi niliona pesa iliyobaki kwenye video.

Kamera nilikuwa nimeazima. Kilichokosekana ni mashine ya kuhariri. Nikachukua karo ya muhula ambayo mama alikuwa ametuma, nikaagiza vitu Nairobi: kadi ya picha ya mtumba kwa 17,000, pawa saplai ya wati 500 kwa 4,500, ram kwa 6,000. Jumla 27,500. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Video nne za mazishi na karo imerudi, mashine imebaki. Vitu vilikuja na basi la usiku. Ram iliingia. Kadi iliingia. Lakini kadi ilihitaji waya wake wa umeme, na pawa saplai ya zamani haikuwa nao. Mpya ilikuwa nao, ila haikuweza kuwasha bodi.

Nikabeba kasha zima kwa pikipiki hadi kwa fundi mmoja mjini, si mbali na stesheni ya reli. Mzee wa makamo, mikono mitulivu. Alifungua, akatazama sekunde kama tano, akaweka bisibisi chini.

"Omera, ulifungua hii kitu kabla ya kuagiza?"

"Sikufungua."

"Sasa ulipima aje?"

Nikamweleza nilivyopima: nilisoma kwenye simu kadi inataka wati ngapi, bodi inakubali ram gani, urefu wa kadi, upana wa kasha. Kila namba ilikubali. Hakunicheka.

"Baba yangu alikuwa mtu wa reli," akasema. "Hii yako ni mambo ya geji. Treni ni nzima na reli ni nzima, lakini hazijuani." Akaniambia kuna waya wa kuunganisha pini 24 na nane, unatoka China, wiki tatu ukibahatika.

Sikuwa na wiki tatu. Video ile niliihariri kwenye mashine ileile bila kadi, ikikwama kila baada ya dakika chache, na nikaituma siku 11 baada ya tarehe niliyoahidi. Katika wimbo wa mwisho kaburini sauti ilikuwa imetangulia midomo ya waimbaji. Binti hakulipa salio na sikumdai. Karo haikurudi. Muhula ule sikusajiliwa, uliofuata pia, na baadaye nikaacha kuhesabu.

Nimeacha mengi ya siku zile yapite, ila neno la fundi halikunitoka. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba pini ziwe nane. Na kwa kuwa alikuwa ametaja geji, nilianzia hapo hapo stesheni.

*

Waingereza walipoanza kutandika reli Mombasa mwaka 1896, upana kati ya chuma kimoja na kingine ulikuwa umeshaamuliwa: mita moja. Kulikuwa na wazo jingine la futi tatu na inchi sita, kipimo cha reli za kusini mwa Afrika. Kilichoshinda ni mita moja kwa sababu ndicho kipimo kilichotumika katika sehemu kubwa ya reli za India. Injini, mabehewa, vipuri, mafundi na vibarua, vyote vingeweza kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi bila kubadilishwa. Uamuzi ulikuwa wa akili. Ni kama mtu anayenunua bodi inayokubali ram aliyo nayo tayari kwenye droo.

Reli ilifika hapa Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901, baada ya karibu kilomita 930. Ila chombo cha kwanza kikubwa cha ziwani kilikuwa kimetangulia. Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa huku na kushushwa majini mwaka 1900. Meli za aina hii ziliunganishwa kwanza kwa bolti kwenye karakana ya huko zilikoundwa, kila kipande kikawekwa alama ili kijulikane jirani yake ni nani, kisha zikafunguliwa na kusafirishwa. Kipande kimoja kikikosea tundu, huna meli. Una chuma tu kando ya maji. Kwa hiyo mji huu umejua kuunganisha vitu vilivyotengenezwa mbali kabla haujaitwa mji.

Katikati ya miaka ya 1960 wazo hilo lilifika kilele chake. Meli za Uhuru na Umoja zilipewa reli juu ya sitaha, za mita moja kama za nchi kavu. Behewa lilitoka Mombasa, likafika gatini Kisumu, likasukumwa moja kwa moja ndani ya meli, likavuka ziwa na kuteremkia kwenye reli ya upande wa pili, Port Bell au Mwanza. Hakuna gunia lililoshushwa. Watu huisifu Uhuru kwa ukubwa wake. Ningeisifu kwa sababu nyingine: Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na upana mmoja wa reli, na mtu alikuwa amekumbuka kupima.

Mahali ambapo vipimo havikukubaliana, gharama ilionekana. Reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, iliyokamilika miaka ya 1970, ilijengwa kwa milimita 1,067 ili ishikane na reli za kusini. Reli ya Kati ya Tanzania ni ya milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67, upana wa vidole vinne hivi, na hakuna behewa linaloweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Mwaka 1998 kituo kilifunguliwa Kidatu cha kuhamisha mizigo kati ya reli hizo mbili. Kwa lugha ya fundi wangu, Kidatu ni adapta.

*

Kompyuta ya mezani tunayoijua ilianza Agosti 1981, IBM ilipotoa mashine yake binafsi ya kwanza. IBM ilikuwa na haraka. Badala ya kubuni kila kitu yenyewe, ilinunua vipande vilivyokuwa sokoni: prosesa ya Intel, mfumo endeshi wa Microsoft, diski za wengine. Tena ikachapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi, ili kampuni nyingine ziweze kutengeneza kadi za kuchomeka. Tundu likawa mali ya umma, kwa namna fulani.

Kilichobaki kikilindwa kisheria kilikuwa programu ndogo inayoamsha mashine. Compaq ilitenga wahandisi wawe wanaandika programu mpya yenye tabia ileile bila kunakili ya IBM, na mwishoni mwa 1982 ikatangaza kompyuta iliyoendesha programu za IBM. Wengine wakafuata. Kufikia katikati ya miaka ya themanini ungeweza kununua kasha kwa mmoja, bodi kwa mwingine, kadi kwa wa tatu, na vyote vikaelewana. Fundi wa kompyuta, mtu anayeweza kuishi kwa kubadilisha kipande kimoja badala ya kutupa vyote, ni mtoto wa ajali hiyo ya IBM.

Mwaka 1987 IBM ilijaribu kurudisha mlango. Ilitoa kompyuta za PS/2 zenye mfumo mpya wa tundu za kadi uliokuwa bora kuliko wa zamani, lakini kadi za zamani haziingii, na kampuni nyingine zikitaka kuutumia zilipe leseni. Mwaka uliofuata kampuni tisa, Compaq ikiwamo, ziliungana na kutangaza mfumo wao uliopokea kadi mpya na za zamani pia. Wateja wakabaki na wale tisa. Tundu la IBM likafa.

Ila PS/2 iliacha urithi, na urithi huo mimi nimekua nao. Tundu mbili za duara nyuma ya kasha, zile zilizokuja kupakwa zambarau kwa kibodi na kijani kwa kipanya, jina lao hadi leo ni PS/2. Na tundu la skrini lenye pini 15, lile la buluu tunaloliita VGA, lilizaliwa na mashine hizohizo. IBM ilipoteza vita vya kadi, lakini kiunganishi chake cha skrini kikawa cha kila mtu kwa zaidi ya miaka 20. Kiunganishi hicho kiliwahi kumwokoa baba mdogo.

*

Alifungua saiba mwaka 2005 na mashine nne. Intaneti ilikuwa ya satelaiti, ya polepole na ya ghali, bob moja kwa dakika, na watu walipanga foleni kufungua barua pepe. Mashine zilikuwa za mtumba, "ex-UK" kama vibao vinavyoandikwa: ofisi na shule za Uingereza hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani hupakiwa kwenye kontena, zikashuka Mombasa, zikafika kwetu kwa lori. Zilikuwa kubwa, za rangi ya maziwa yaliyolala, na skrini zake zilikuwa zile nene zenye mgongo.

Mwishoni mwa Desemba 2007, kura zilipoleta moto, alifunga mlango akijua kufuli haitazuia kitu. Alichomoa nyaya, akabeba makasha manne kwenye mkokoteni hadi nyumbani Nyalenda. Sisi kasha zima tunaliita "CPU", ingawa hilo kwa haki ni jina la prosesa peke yake. Skrini ziliachwa, zilikuwa nzito mno. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka makasha manne yamepangwa chini ya meza ya chakula, yamefunikwa leso za mama mdogo, na sisi tumekatazwa kuyapiga teke.

Aliporudi Kondele skrini zilikuwa zimekwenda, na mlango pia. Mwezi wa pili, baada ya mapatano kutiwa saini Nairobi, alizunguka mjini akinunua skrini moja moja, popote alipoipata: moja ya kampuni hii, nyingine ya ile, moja ndogo ya inchi 14 iliyokuwa na mstari wa kijani pembeni. Hakuuliza swali lolote isipokuwa kama inawaka. Alijua kwamba ikiwa na ule waya wa buluu, itaingia. Ndani ya siku kumi saiba ilikuwa wazi. Angekuwa na mashine ambazo kila kampuni imeweka tundu lake, angekuwa na makasha manne chini ya meza na basi.

Mwaka uliofuata, 2009, kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa, na polepole bei ya intaneti ikashuka. Baba mdogo aliongeza mashine mbili. Sasa alikuwa na sita, za miaka tofauti, na hapo ndipo alipoanza kuona kwamba si kila kitu ni kama ule waya wa buluu.

*

Diski ndizo zilizomfundisha kwanza. Mashine za 2005 zilitumia ule waya mpana bapa kama utepe. Mpya zilitumia waya mwembamba wa SATA, ulioanza kuingia sokoni mwaka 2003. Diski nzima kutoka kwa mashine iliyokufa haikuweza kuhamia kwa iliyo hai.

Kisha ram. DDR2 na DDR3 zina pini 240 kila moja na urefu uleule. Ukiziweka mezani bila miwani ni mapacha. Tofauti ni pengo dogo kwenye ukingo, limesogezwa milimita chache makusudi, manake ya kwanza hutumia volti 1.8 na ya pili 1.5. Lile pengo ni hisani. Linakuzuia kabla hujaunguza kitu. Hata hivyo nimeona mtu akisukuma kwa kidole gumba mpaka tundu likapasuka, kwa sababu alikuwa ameambiwa "ni ram ya desktop, itaingia".

Hatari zaidi ni kitu kinachoingia na bado hakielewani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na kompyuta za kampuni moja kubwa ambazo kiunganishi cha umeme kilikuwa na umbo la kawaida kabisa, kile kiwango cha ATX ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995, lakini ndani nyaya zimepangwa kivingine. Ukichomeka pawa saplai ya kawaida inaingia bila kelele. Ukiwasha, unasikia harufu. Kwa kulinganisha, pini zangu nane zilikuwa na heshima. Zilinikataa mapema.

Na prosesa. Soketi ya Intel iliyokuja 2004 ilikuwa na pini 775, na ilidumu miaka mingi. Ndiyo sababu mafundi wa umri wa baba mdogo wanaikumbuka kwa upendo. Baadaye ikaja 1155 mwaka 2011, 1150 mwaka 2013, 1151 mwaka 2015. Pini tano pungufu, pini moja zaidi, na kila mara bodi mpya. Halafu 2017 prosesa za kizazi cha nane zilikuja zikiwa na umbo lilelile la 1151, zinakaa vizuri kwenye soketi ya 2015, kifuniko kinafunga, na mashine haiwaki. Zilihitaji bodi za mwaka wake. AMD kwa upande wake ilianza na soketi ya AM4 mwaka 2016 na kuishikilia hadi ilipoleta AM5 mwaka 2022, hivyo mtu aliweza kubadilisha prosesa zaidi ya mara moja bila kugusa bodi. Kampuni mbili, chipu za zama zilezile, maamuzi mawili tofauti. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba kutokuingiana ni jambo la asili kama kutu.

Si kwamba kila uamuzi ni wa hila. Nilipochunguza zile pini nane nilikuta zina maana. Pawa saplai inayotoa volti 12 peke yake hupoteza umeme kidogo zaidi na ni rahisi kuitengeneza. Volti nyingine zinapatikana kwenye bodi yenyewe. Kwa ofisi ya Uingereza yenye mashine mia tano, hiyo ni pesa. Mashine zile zilibuniwa kwa mtu ambaye hatawahi kufungua kifuniko, ambaye kitu kikiharibika atapiga simu, na baada ya miaka minne ataziachilia zote. Katika michoro yao hakukuwa na Kondele. Hakuna aliyekaa akapanga kunizuia. Nilikuwa tu nje ya hesabu, na ukiwa nje ya hesabu matokeo ni yaleyale.

Nairudia reli kwa sababu hiyo. Ile mita moja iliyochaguliwa kwa ajili ya vipuri vya India imetuamulia mambo kwa zaidi ya miaka 120. Njia kuu ya reli ilipofika Kampala mwaka 1931 kwa kupitia Nakuru na Eldoret, Kisumu iliyokuwa mwisho wa safari ikageuka tawi. Reli mpya ya SGR, yenye milimita 1,435, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na Oktoba 2019 ikafika Naivasha na kusimama. Kontena la kuja huku likabidi kunyanyuliwa kutoka reli pana na kuwekwa kwenye reli nyembamba ya zamani. Desemba 2021 treni ya abiria ilirudi Kisumu baada ya miaka ya kimya, kwenye reli ileile ya mita moja, iliyokarabatiwa. Watu walijaa stesheni kuipokea. Mimi nilikuwepo. Nilijikuta natazama magurudumu.

*

Waya kutoka China ulifika baada ya wiki tano. Mfupi, mweusi, upande mmoja pini 24 na mwingine nane, shilingi 900. Nilichomeka nikabonyeza, feni ya kadi ikazunguka. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhariri upya ile video ya Seme. Wimbo wa kaburini nikaulinganisha na midomo, neno kwa neno, ingawa wimbo wenyewe niliujua tangu utotoni na ningeweza kuulinganisha macho yamefungwa. Nikamtumia binti bila maelezo. Baada ya siku mbili akajibu: "Sasa namsikia shangazi vizuri. Asante." Sijawahi kupata malipo mengine kwa kazi ile.

Mashine hiyo bado inafanya kazi. Imehariri mazishi ya Alego, Nyakach, Asembo, harusi chache, na ubatizo. Lakini Oktoba 2021 Windows 11 ilitoka, na kwa upande wa Intel inakubali, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha nane kuendelea, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Kati ya mashine sita za saiba, tano hazikufuzu. Ni za kizazi cha nne na cha sita. Zinachapa, zinaskani, zinahariri.

Nilipomweleza baba mdogo, alikuwa anakunja vijitabu vya Ijumaa. Hakuinua kichwa.

"Kwani zimeharibika?"

"La. Zinakataliwa."

"Na nani?"

Nikaanza kueleza habari ya chipu ya usalama, kwamba sababu iliyotolewa ni kulinda nywila na data za watu, na kwamba sababu hiyo si ya uongo: saiba inayoshika vitambulisho na namba za ushuru za mtaa mzima haifai kubaki bila ulinzi mpya. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali lile lile la fundi kwa namna yake: "Kuna waya wa 900?"

Kuna kitu kama waya. Mashine mbili nimeziwekea Linux. Ni nyepesi na inaendelea kupata ulinzi. Ila printa moja kati ya mbili haikuitambua kwa siku nne, na siku mojawapo ilikuwa Alhamisi. Ilibidi nikae usiku nikitafuta programu ya kuziunganisha, baba mdogo akinipigia simu kila saa: "Nyathina, imekubali?" Ilikubali saa kumi alfajiri. Zile tatu nyingine bado zina Windows 10, na hatujaamua.

Siku hizi nina daftari. Kila kompyuta inayopita mikononi mwangu naifungua kabla ya kuagiza chochote, naandika: soketi, aina ya ram, idadi ya pini za umeme, urefu wa nafasi ya kadi, tarehe ya bodi. Vijana wa Manyatta na Kondele huja kuliazima kabla ya kutuma pesa Nairobi. Wiki iliyopita alikuja mmoja mwenye 20,000 mfukoni, anataka kadi ya picha kwa mashine ya kakake. Hakutaka kusubiri, alikuwa ameshaona bei nzuri. Nikamwambia akalete kasha kwanza. Akanung'unika, akaenda, akalileta kwa tuktuk.

Tulifungua pamoja. Nikamwambia ahesabu mwenyewe.

"Sita," akasema. "Hii ina sita."

Nikaandika.